Kunyamaza Katika Nchi ya Watu

Shule zilikaribia kufunguliwa, na Fundi hakuwa na nafasi hata ya kujikuna. Sare za watoto zilijaa kila mahali. Zilikuwa juu ya meza, juu ya kiti cha wageni, hata juu ya mlango. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa duka lake. Kilikuwa na cherehani ya kukanyaga, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na pazia la kubadilishia nguo. Wazazi waliingia na kutoka, na kila mmoja alitaka nguo yake iwe ya kwanza.

"Fundi, si uliniambia leo?" alilalamika mama mmoja.

"Leo haijaisha, mama. Keti kidogo."

Mume wa Fundi alikuwa dereva wa lori. Alipeleka simenti na mabati nchi ya jirani, na kurudi na mbao. Wenzake walimwita Taratibu kwa sababu ya mwendo wake barabarani. "Ukikaa nyuma ya huyu, unaondoka kijana unafika babu," walimtania. Fundi alilipenda jina hilo. Aliona kwamba dereva wa taratibu hurudi nyumbani.

Alasiri hiyo simu yake iliita. Namba ilikuwa ya kigeni.

"Mama watoto," sauti ya mumewe ilisema. "Nimegonga mtu."

Fundi akaondoa miguu kwenye cherehani.

"Anaendeleaje?"

"Amefariki. Alikuwa kwenye baiskeli. Amefia mikononi mwangu."

"Na wewe? Umeumia?"

"Mimi mzima. Niko kwa polisi. Sielewi wanachosema. Wamenipa simu niongee kidogo tu. Mwambie mdogo wangu, tafadhali. Mwambie..."

Simu ikakatika. Kitambaa kilikuwa kimeanguka chini, na Fundi hakukiona. Yule mama aliyekuwa akilalamika alikiokota, akakikunja, akakiweka mezani. Kisha akatoka nje polepole. Alisimama mlangoni na kuwaambia wateja waliokuja, "Rudini kesho. Leo mwacheni."

*

Mdogo wake Taratibu alikuwa seremala. Watu walimwita Randa. Alifika mbio, vumbi la mbao likiwa bado kichwani. Randa alimpenda kaka yake sana, kwa kuwa kaka ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Tena, Randa aliamini kwamba mambo ya mahakama anayajua.

Alikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Zamani alisingiziwa kuiba mbao. Wakili wake alimwambia anyamaze kimya. Mashahidi wakaja, wakaulizwa maswali, wakapingana wao kwa wao. Hakimu akaifuta kesi.

"Shemeji, usilie," alisema Randa. "Sikiliza. Kazi ya kuthibitisha kosa ni ya upande wa mashtaka. Mshtakiwa halazimiki kusema lolote. Siku ya kesi wakili anawabana mashahidi kwa maswali mpaka wanajikanyaga. Hakimu anakaa katikati kama refa. Kaka akinyamaza, wamekwama."

"Una hakika?"

"Mimi si huyu hapa, nimesimama mbele yako? Ningefungua mdomo siku ile, saa hizi ningekuwa wapi?"

Jioni Taratibu alipiga simu tena. Randa aliipokea.

"Kaka, nisikilize vizuri. Usiseme neno. Hata wakikuuliza habari za mvua, usiwajibu. Nyamaza mpaka siku ya kesi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Hata wakikubembeleza."

"Nimekuelewa, mdogo wangu."

Randa alirudisha simu, akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. Alikuwa amempa kaka yake kitu bora kuliko vyote alivyokuwa navyo.

*

Shule zilifunguliwa. Watoto walipita barabarani na sare mpya. Taratibu hakurudi.

Alihamishiwa mahabusu katika mji mdogo karibu na mahali pa ajali. Habari zake zililetwa na madereva wenzake. "Kapungua sana," mmoja alisema. "Hakimu kamwita, kanyamaza. Kamwita tena, kanyamaza tena. Wakamrudisha ndani."

"Safi kabisa," alisema Randa. "Anafanya vizuri."

"Kesi itasikilizwa lini?" aliuliza Fundi.

Yule dereva aliinua mabega. "Wanasema bado hakuna tarehe."

"Na dhamana je?"

"Niliwapigia simu polisi wa kule, dereva mmoja akinitafsiria," alisema Randa. "Niliwaambia niko tayari kumdhamini kaka yangu. Wakaniambia kule mambo hayaendi hivyo." Alikuna kichwa. "Basi tuwatafute wafiwa. Twende kwao, tuwaangukie, wafute kesi."

Fundi aliinamia kazi yake. Alikuwa ameshona mkono wa shati ndani nje, na alikuwa akiufumua. Siku hizo alifumua zaidi ya alivyoshona. Binti yake mkubwa alikuwa akimsaidia kupika bila kuambiwa. Mdogo alikuwa ameacha kuuliza baba atarudi lini. Hilo lilimuumiza Fundi kuliko maswali yenyewe.

*

Asubuhi moja jirani yao aliingia dukani na sketi mkononi. Alikuwa mkalimani wa mahakama, na alizungumza lugha za pande zote mbili za mpaka. Mtaani walimwita Mama Ndimi. "Mwenye ndimi mbili bila unafiki," alizoea kujitania. Alikuwa amesafiri muda mrefu kikazi, na habari za mtaa hazikuwa zimemfikia.

"Fundi, nimekuja uniongezee kiunoni," alisema. "Sketi hii imesinyaa. Usiniambie nimenenepa mimi. Sema sketi imesinyaa."

Fundi alijaribu kucheka. Badala yake machozi yakamtoka. Mama Ndimi aliweka sketi pembeni, akafunga mlango wa duka.

"Hebu nieleze, mwanangu. Anzia mwanzo."

Fundi alieleza yote. Randa aliingia kwa mlango wa uani kuleta kiti alichokuwa akikitengeneza, akamkuta katikati ya maelezo, akasimama kusikiliza. Mama Ndimi hakumkatiza Fundi hata mara moja. Fundi alipomaliza, Mama Ndimi alivuta pumzi.

"Randa hajakosea," alisema. "Kwetu ndivyo ilivyo. Lakini lori lilipopita geti la mpakani, liliingia kwenye sheria nyingine."

"Sheria si ni sheria tu?" aliuliza Fundi.

"Wewe ni fundi. Wapo wateja wanaokuletea gauni la zamani na kusema, nishonee kama hili?"

"Wengi tu."

"Na wapo wanaokuletea karatasi iliyochorwa vipimo vyote, wakataka ufuate mistari?"

"Wapo pia."

"Nguo itatoka, lakini njia ni mbili tofauti. Nchi nazo ni hivyo hivyo. Ziko ambazo hakimu anaangalia sheria zilizotungwa na bunge, halafu anaangalia hukumu za zamani. Mahakama ya juu iliamua hivi, basi na yeye aamue hivyo. Kwetu ndivyo tulivyo. Ziko nyingine ambazo msingi wake ni vitabu vya sheria vilivyopangwa kifungu kwa kifungu. Hukumu za zamani zinasaidia, lakini kitabu ndicho mkubwa. Jirani zetu ndivyo walivyo."

"Yaani dunia nzima ni hizo mbili tu?" aliuliza Randa.

"Hapana. Ziko nchi ambazo sheria ya dini ndiyo inayoamua ndoa na mirathi, pengine hata makosa makubwa. Ziko ambazo wazee wa mila wanasikiliza ugomvi wa mashamba, na serikali inautambua uamuzi wao. Ziko ambazo raia wa kawaida, seremala kama wewe, wanaitwa mahakamani waseme kama mtu ana hatia au hana."

"Seremala kama mimi?"

"Seremala kama wewe. Na nchi nyingi zimechanganya, kidogo cha huku na kidogo cha kule. Kitu kilicho halali hapa kinaweza kukufunga pengine. Kuna mtu nilimtafsiria aliyekamatwa kwa sababu ya dawa ya maumivu. Hapa aliinunua bila wasiwasi. Kule ilikuwa marufuku bila cheti cha daktari."

Fundi alikuwa akiwaza jambo moja tu. "Na mume wangu? Kwa nini haitwi kwenye kesi?"

"Kwa sababu kule, ajali ya kifo kama hii inaanza na hakimu wa uchunguzi. Hakimu huyo si refa. Hasubiri kuletewa ushahidi. Anautafuta yeye mwenyewe, ule wa kumtia mtu hatiani na ule wa kumsafisha. Anawaita watu ofisini kwake, anawauliza, anakwenda mahali pa tukio. Kila kitu kinaingia kwenye jalada. Siku ya kesi ikifika, sehemu kubwa ya kazi imeshafanyika."

"Kwa hiyo akinyamaza..." Fundi alianza.

"Jalada linajaa maneno ya watu wengine. Upande wake yeye ni mweupe."

Randa alikaa kwenye kile kiti alichokileta. Kilikuwa hakijapigwa misumari yote, kikatoa mlio kwa uzito wake.

"Basi mimi ndiye niliyemfunga kaka yangu."

"Usiseme hivyo," alisema Mama Ndimi. "Haki ya kunyamaza ipo kule pia. Hakuna anayeruhusiwa kumlazimisha. Lakini aseme au anyamaze, hilo anaamua akiwa na wakili wa kule, anayejua mwendo wa kule. Anaye wakili?"

"Tulikuwa tunamtafutia wa hapa," alisema Fundi.

"Wa hapa hawezi kusimama katika mahakama ya kule bila kibali. Amepewa mkalimani?"

"Hatujui."

"Ubalozi wetu una habari?"

Fundi na Randa walitazamana. Hakuna aliyekuwa amefikiria ubalozi.

"Na wafiwa?" Randa aliuliza kwa sauti ndogo. "Nilitaka tuwafuate nyumbani."

"Usithubutu. Hilo nalo linatofautiana. Ziko nchi ambazo ndugu wa marehemu wakisamehe, adhabu inapungua au inafutwa. Kwetu ukiwafuata mashahidi unaweza kuambiwa unaharibu kesi. Kule wafiwa wanaweza kuingia kwenye kesi yenyewe. Wanakuwa na wakili wao, na wanauliza maswali kupitia kwa hakimu. Mkikutana nao, iwe mbele ya hakimu."

*

Siku hiyo hiyo Fundi alifunga duka. Alikwenda na Mama Ndimi kwenye wizara inayoshughulika na nchi za nje. Ofisa aliyewapokea aliuliza jina kamili la Taratibu, namba ya pasipoti yake, na mahali alipozuiliwa. Kisha akapiga simu ubalozini.

"Kila nchi ina sheria zake, na sisi hatuwezi kuingilia uamuzi wa mahakama ya wengine," alimwambia Fundi. "Lakini raia wetu akikamatwa, ana haki ya kuomba ubalozi uarifiwe. Ana haki ya kuambiwa kosa lake kwa lugha anayoielewa. Tunaweza kumtembelea na kuwasaidia kupata wakili."

Mtu wa ubalozi alikwenda mahabusu. Baadaye akapatikana wakili wa kule, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alisoma jalada lote, akakaa na Taratibu pamoja na mkalimani. Baada ya hapo alimpigia simu Mama Ndimi.

"Mteja wangu ana maelezo muhimu," alisema. "Nimemweleza faida na hatari ya kuyasema. Ameamua kusema. Nimemwomba hakimu amsikilize upya, na amekubali. Anataka kumsikia mkewe pia, kwa kuwa ndiye wa kwanza kupigiwa simu siku ile."

Fundi aliogopa. Alikuwa hajawahi kusimama mbele ya hakimu hata wa nchi yake.

"Utakuwa mkalimani wangu?" alimwuliza Mama Ndimi.

"Hapana. Mimi ni jirani yenu. Hakimu angetilia shaka kila neno langu, na angekuwa na haki. Mahakama itakupa mkalimani wake. Lakini nitakusindikiza mpaka mlangoni."

Randa alibaki na watoto.

*

Fundi alitarajia kuona kizimba, umati, na mawakili wakinyoosheana vidole. Alikuta ofisi. Palikuwa na meza ndefu, kabati la majalada, na dirisha linalotazama ua wenye maua yaliyokauka. Karani alikaa pembeni akiandika kwenye kompyuta. Hakimu alikuwa mwanamume mfupi mwenye miwani minene. Alimwuliza Fundi kuhusu ile simu, neno kwa neno. Alipomaliza, alimwambia anaweza kukaa nyuma, mradi asiseme kitu.

Kwenye benchi la upande wa pili alikaa mwanamke wa rika lake, pamoja na wakili wake. Alikuwa amevaa viatu vya kiume, vikubwa kuliko miguu yake. Fundi hakuhitaji kuambiwa. Huyo ndiye mjane.

Taratibu akaletwa. Shati lilimpwaya. Alipomwona mkewe, midomo yake ilicheza.

"Wakili wako amekueleza haki zako," hakimu alisema, na mkalimani akatafsiri. "Unaweza kusema. Unaweza kunyamaza. Unachagua lipi?"

"Nitasema."

Alisimama ameshika ncha ya meza.

"Ilikuwa asubuhi, na ukungu ulikuwa mzito. Nilikuwa nateremka mlima. Mimi kwa kawaida naendesha taratibu, hata wenzangu wananicheka. Lakini nilikuwa nimecheleweshwa mpakani, nikataka kufidia muda. Nilikwenda kasi. Si kasi ya kuzidi ile ya kibao cha barabarani, ila ilikuwa kasi kubwa kwa ukungu ule. Hilo ni kosa langu."

Fundi aliinamisha kichwa. Vidole vya karani viliendelea kugonga.

"Kwenye kona kulikuwa na rundo la kokoto. Lilikuwa limemwagwa barabarani, halina kibao, halina taa. Yule bwana alikuwa anapanda mlima na baiskeli yake ya maziwa. Aliingia katikati ya barabara ili alikwepe rundo. Nikamwona ghafla mbele yangu. Nilikanyaga breki na kukata usukani. Haikutosha."

Hakimu aliinua uso. Alipekua jalada mbele, kisha nyuma.

"Rundo gani la kokoto? Humu hakuna rundo. Polisi wamepiga picha barabara ikiwa safi."

Wakili wa Taratibu alisema, "Mheshimiwa, picha hizo ni za siku iliyofuata. Tunaomba wafanyakazi wa barabara waitwe. Tunaomba pia ukaione kona hiyo mwenyewe."

"Tutakwenda," hakimu alisema. Akamgeukia wakili wa mjane. "Upande wa wafiwa una swali?"

Mjane hakumsubiri wakili wake. Alisema mwenyewe, maneno machache, akitazama mikono yake. Mkalimani akatafsiri.

"Anauliza kama mumewe alisema kitu kabla ya kufa."

Taratibu alimtazama mjane kwa mara ya kwanza.

"Alisema. Nilikuwa nimemshika kichwa. Sikuwa najua lugha yake. Alisema neno moja, akalirudia, akalirudia tena."

"Unalikumbuka?" aliuliza hakimu.

"Silali bila kulisikia."

Akalitamka. Lilikuwa neno fupi, na alilitamka kwa kusitasita kama mtoto anayejifunza kusoma. Mkalimani hakulitafsiri. Hata yeye hakulijua. Lakini mjane alishika mdomo wake kwa mikono yote miwili. Hatimaye aliongea, na mkalimani akaongea baada yake polepole.

"Ni jina la mtoto wetu. Si jina la kwenye cheti. Ni jina ambalo baba yake alimwita nyumbani. Hakuna mtu wa nje anayelijua."

Kisha akaongeza, "Nilikuwa najua amekufa peke yake. Muda wote huu nilijua alikufa peke yake."

Karani aliacha kuandika. Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Baadaye Fundi na mjane walikutana kwenye korido. Hakuna aliyekuwa na lugha ya mwenzake. Walitazamana tu. Mjane alishuka ngazi, viatu vikubwa vikiburuta, na Fundi alisimama pale mpaka sauti yao ikaisha.

*

Hakimu alikwenda kwenye ile kona asubuhi ya ukungu. Lori liliegeshwa pale liliposimama siku ile. Taratibu alionyesha rundo lilipokuwa. Makanika wa serikali alikagua breki, akazikuta nzima. Wafanyakazi wa barabara waliitwa mmoja mmoja. Mwanzoni walikataa. Kisha msimamizi wao akakiri kwamba kokoto zilimwagwa pale jioni, na zikasambazwa haraka baada ya ajali. Yote hayo yaliingia kwenye jalada.

Kesi ilipofikishwa mahakamani, haikuchukua muda mrefu. Mahakama ilimkuta Taratibu na hatia ya kuendesha bila uangalifu na kusababisha kifo. Ilimpa kifungo cha nje, yaani hatakaa gerezani isipokuwa akitenda kosa jingine katika muda aliowekewa. Alikatazwa pia kuendesha gari katika nchi ile kwa muda. Kampuni ya wale wafanyakazi wa barabara nayo ilikutwa na hatia. Ikaamriwa kwamba mjane na mtoto wake walipwe fidia na kampuni hiyo pamoja na bima ya lori.

Nje ya mahakama Fundi alimwuliza wakili, kupitia kwa Mama Ndimi, "Kwa hiyo ukweli wake ndio uliomtia hatiani?"

"Ndiyo," wakili alijibu. "Umemtia hatiani kwa kosa lake. Angenyamaza, angebeba na la wengine."

*

Taratibu alirudi nyumbani bila shangwe, kwa kuwa mwenyewe hakutaka. Alioga, akala kidogo, akamkalisha binti yake mdogo mapajani. Mtoto alimshika kidevu akamkagua uso wote, kama anayehakikisha hajabadilishiwa baba.

Randa alisimama mlangoni. Hakuingia.

"Kaka, mimi ndiye niliyekuponza."

"Ulinipa ulichokuwa nacho," alisema Taratibu. "Na mimi sikuuliza. Ingia ndani, chakula kinapoa."

Siku chache baadaye, Fundi alikwenda kumwona katibu wa chama cha madereva. Alimweleza kila kitu, kuanzia ile simu mpaka hukumu. "Waume zetu wanavuka mpaka kila wiki," alisema. "Wanajua bei ya dizeli na kila mgahawa wa njiani. Sheria za huko hawazijui, na sisi tunaobaki nyumbani hatuzijui pia." Katibu alikubali. Mama Ndimi aliombwa aje kufundisha kwenye yadi ya malori, na Randa akatengeneza mabenchi.

Madereva walikuja wengi, na wake zao pia. Mama Ndimi alisimama kati ya malori mawili.

"Kabla hujaingia nchi ya watu, uliza," alisema. "Uliza mwendo unaoruhusiwa, na vitu vilivyokatazwa, hata dawa ulizobeba mfukoni. Ukipata matatizo, usikimbie, na usitoe rushwa. Omba mkalimani. Omba ubalozi wako uarifiwe. Omba wakili wa hapo ulipo. Usitie sahihi kitu usichokielewa. Halafu ndipo uamue, pamoja na wakili huyo, useme nini."

Dereva mmoja mzee aliinua mkono. "Mama, sasa unataka niwe dereva au niwe wakili?"

Watu walicheka.

"Nataka urudi nyumbani," alisema Mama Ndimi, na kicheko kikaisha.

Katibu alimtazama Taratibu. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, na alikuwa amesema mapema kwamba hatasema kitu. Lakini aliinuka. Alipita katikati ya mabenchi, akasimama mbele ya wenzake.

"Kuna mtu alikufa," alisema. "Sheria za nchi yoyote hazitamrudisha. Kwa hiyo kabla ya yote aliyosema mama, kwenye ukungu punguzeni mwendo. Hata kama mmechelewa. Hasa kama mmechelewa."

Aliwatazama wenzake, benchi kwa benchi.

"Mimi nilinyamaza kwa sababu niliambiwa kunyamaza ndiyo sheria. Ilikuwa sheria, ila sikuuliza ni ya wapi. Na kule nje alikuwepo mama mmoja aliyekuwa akisubiri neno moja tu, na neno lenyewe nilikuwa nalo mimi. Alisubiri muda wote ule." Akarudi kukaa karibu na mkewe. Fundi alimshika mkono mbele ya watu wote.

Katibu alisoma namba ya simu ya ubalozi, tarakimu moja moja, akairudia. Madereva walitoa simu zao na kuiandika. Wake zao waliiandika pia. Randa, ambaye hakuwahi kuvuka mpaka maishani mwake, alitoa penseli ya useremala sikioni, akaiandika kwenye ubao wa benchi lililokuwa mbele, kwa herufi kubwa, ili atakayechelewa naye aione.